Mke, watoto wawili na miaka mitatu Uingereza: nianze na lipi?

SWALI: Habari za kazi. Nafundisha chuo hapa Tanga. Nimepata nafasi ya shahada ya uzamivu Uingereza, nje ya London. Kozi ni ya miaka mitatu, inaanza Oktoba. Ufadhili unalipa ada na posho yangu mimi tu. Nataka niende na mke wangu na watoto wawili, mkubwa ana miaka minne na mdogo miezi minane. Mtaani naambiwa siku hizi wanafunzi hawaruhusiwi kwenda na familia. Ni kweli? Na kama inawezekana, nianze na lipi? – Msomaji, Chumbageni.

JIBU: Waliokuambia wana nusu ya habari. Kwa kozi zilizoanza tangu tarehe 1 Januari 2024, mwanafunzi wa shahada ya kwanza au ya uzamili wa kawaida hawezi kumwombea mwenza wala mtoto viza ya mtegemezi. Uzamivu na kozi za utafiti zimebaki nje ya katazo hilo. Kwa hiyo wewe unaweza, na mkeo akifika huko ataruhusiwa kufanya kazi kwa saa zote, wakati wewe mwenyewe una kikomo cha saa 20 kwa wiki kipindi cha masomo. Lipigieni hesabu mapema hilo, maana huenda ndilo litakalolipa kodi ya nyumba.

Usianze na tiketi, wala usianze na fomu ya viza. Anza na majina ya watoto.

Tuseme wewe ni Juma Hamisi Mbwana. Mwanao kwa desturi yetu ataitwa Salma Juma Hamisi, na mama yake ana ukoo wake mwenyewe. Kwenye pasi za kusafiria hapo kuna majina matatu tofauti ya mwisho ndani ya nyumba moja. Kwetu hakuna anayeshangaa, ila ofisa anayesoma karatasi zenu huko hana kingine cha kumwonyesha kwamba hawa ni watu wa familia moja isipokuwa cheti cha kuzaliwa na cheti cha ndoa. Msibadilishe majina ili yafanane. Kinachotakiwa ni jina lako lisomeke vilevile, herufi kwa herufi, kwenye pasi yako, kwenye cheti cha ndoa na kwenye vyeti vya kuzaliwa vya watoto vinavyotolewa na RITA, wakala wa serikali wa usajili. Mambo huharibika pale tangazo la kizazi la hospitali lilipoandikwa "Juma Mbwana", cheti kikafuata tangazo, pasi ikafuata cheti. Kosa kama hilo lirekebishwe kwa msajili wa vizazi, ofisi ya Mkuu wa Wilaya, kabla hujaomba pasi ya mtoto. Ukisubiri, utarekebisha hati mbili badala ya moja. Mdogo naye anahitaji pasi yake, hasafiri kwa pasi ya mama.

Hati yoyote isiyo ya Kiingereza itafsiriwe. Tafsiri iwe na maneno ya mfasiri kwamba ni sahihi, tarehe, jina lake kamili, sahihi yake na mawasiliano. Muhuri peke yake hautoshi.

Sasa fedha, na hapa ndipo wengi hukwama. Kuna mafungu mawili, watu huyachanganya.

Fungu la kwanza ni la kuonyesha tu, hulilipi. Nje ya London ni pauni 680 kwa mwezi kwa kila mtegemezi, kwa miezi 9: pauni 6,120 kwa mmoja, pauni 18,360 kwa watatu. Kima chako mwenyewe ni kingine, na hicho barua ya mfadhili inaweza kukibeba. Fedha hizo zikae benki siku 28 mfululizo, na taarifa ya benki isiwe imepitisha siku 31 unapotuma maombi. Salio likishuka chini ya kima hata kwa siku moja, kwa mfano umetoa kidogo ya matibabu ukairudisha kesho yake, siku 28 zinaanza upya. Weka ziada juu ya kima, kwa sababu shilingi nayo huyumba.

Fungu la pili unalilipa kweli: ada ya huduma ya afya, pauni 776 kwa mwaka kwa kila kichwa, hata kichanga. Viza ya kozi ya miaka mitatu huongezewa takriban miezi 5, mmoja kabla na minne baada, na kipande cha mwaka kisichozidi miezi sita hulipiwa nusu. Kwa hiyo ni pauni 2,716 kwa mtu, na kwa wanne pauni 10,864, zote kwa mkupuo kabla maombi hayajapokewa. Viza ikikataliwa hurudishwa. Ada ya viza yenyewe iko kando. Ongea na benki yako wapandishe kikomo cha kadi kwa malipo ya mtandaoni, la sivyo kadi itagoma katikati ya malipo. Viwango hivi hubadilishwa, vihakiki kwenye tovuti ya serikali yao siku ya kujaza fomu.

Kipimo cha kifua kikuu kinachotakiwa kwa viza hufanyika Dar es Salaam, kwenye kliniki ya IOM, Shirika la Kimataifa la Uhamiaji. Watu wazima hupigwa eksirei ya kifua. Walio chini ya miaka 11 kwa kawaida hawapigwi, lakini lazima daktari awaone, kwa hiyo watoto wanasafiri pia. Mkeo akiwa mjamzito aseme kabla ya kupigwa. Eksirei ikileta shaka huchukuliwa makohozi ya kuotesha vimelea maabara, na majibu yake huweza kufika wiki nane. Cheti hudumu miezi sita. Kwa kozi ya Oktoba pimeni Mei au Juni: ikitokea habari ya makohozi, bado mna nafasi. Safari ya pili ya Dar ni ya alama za vidole za viza. Walio chini ya miaka mitano hawatoi vidole, wanapigwa picha tu.

Shule: England mtoto huingia darasa la awali Septemba baada ya kutimiza miaka minne, na shule ya serikali ni bure. Nafasi huombwa kwa halmashauri ya mnapoishi, ila wataulizia anwani. Ndiyo maana nyumba za familia za chuo ziombwe sasa, siyo Agosti.

Mwisho, kadi za kliniki. Chanjo yetu ya miezi 9 na 18 ni ya surua na rubella. Yao ina kinga ya matubwitubwi pia, hivyo watoto wataongezewa sindano huko. Piga picha kila ukurasa wa kadi, na kadi zenyewe zikae kwenye mkoba wa mkononi, zisiende na mabegi ya chini ya ndege.