Maswali na Majibu: Niache ajira ya hoteli nifanye masaji kivyangu?

SWALI: Mhariri, assalaam aleikum. Mimi ni mwanamke wa miaka 31, na huu ni mwaka wangu wa sita nikifanya masaji katika hoteli moja ya ufukweni hapa Bagamoyo. Mshahara wangu ni shilingi 350,000 kwa mwezi pamoja na bakshishi, ilhali mgeni hulipa hotelini 60,000 kwa saa moja ya mikono yangu. Ndugu zangu wananihimiza nikodi chumba nijitegemee. Nitajuaje kama kujiajiri kunanifaa, au ni hasira tu inayonisukuma?
Msomaji, Dunda

JIBU: Wa aleikum salaam, dada yetu. Hasira yako ina haki, lakini haitoshi kuwa kipimo, kwa sababu ndani ya hiyo 60,000 mna mambo ambayo hoteli inakufanyia bila wewe kuyaona: mgeni anafika mlangoni akiwa ameshakubali bei, shuka zinafuliwa na mtu mwingine, mlinzi yuko getini, likizo yako ya siku 28 kwa mwaka inalipwa, na mchango wa NSSF wa asilimia 20 ya mshahara unapelekwa, ambao mwajiri haruhusiwi kukukata wewe zaidi ya nusu yake. Ustadi unao. Kinachopimwa sasa ni kama unaweza kukaa kutwa bila mteja usishushe bei, na kama unaweza kumdai shoga yako fedha.

Jiulize kwanza wateja ni wa nani. Mgeni anayekusifu leo, keshokutwa yuko uwanja wa ndege, na hata akirudi mwakani atarudi hotelini. Watakaokuweka mjini ni bibi harusi anayetaka kusingwa, mzazi anayehitaji kukandwa ndani ya arobaini yake, fundi aliyeshikwa na mgongo, na watu wa Dar es Salaam wanaokuja kupumzika mwisho wa wiki. Hao hawatakulipa 60,000. Harusi nazo zina kalenda yake: husongamana kabla ya Ramadhani, hukatika mwezi wenyewe, hurejea baada ya Idi. Tena kila mtaa una bibi yake aliyekanda wazazi wa vizazi viwili kwa malipo ya kanga na kilo ya sukari. Huyo usijaribu kushindana naye kwa bei.

Tuchukue mfano wa hesabu. Ukitoza 25,000 na kupata wateja 12 kwa wiki, wiki nne zitakupa 1,200,000. Toa kodi ya chumba 150,000, na 200,000 ya mafuta, maji, umeme, sabuni na bodaboda, utabaki na 850,000. Hiyo ndiyo hesabu wanayoipiga ndugu zako. Njoo sasa Aprili, masika imeshika, barabara za ndani ni matope na wageni wamepungua: wateja wanne kwa wiki ni 400,000, kodi ni ile ile, matumizi mengine tuseme 70,000, na mkononi inabaki 180,000, ambayo ni pungufu ya mshahara unaoulalamikia. Anayefaa kujiajiri ni yule anayeweza kuiweka kando fedha ya Agosti ili aile Aprili, huku watu wote wa nyumbani wakijua kwamba anayo.

Mwili nao una ukomo wake. Kama dole gumba linauma kwenye shina lake kila asubuhi, kuongeza wateja hakutakutajirisha. Hapa lakini kujitegemea kuna faida ambayo wengi hawaifikirii: utamwagiza seremala kitanda cha kimo chako, yaani ukisimama wima na mikono ikining'inia, ngumi ziguse godoro, ili ukandamize kwa uzito wa mwili na kigasha badala ya vidole.

Jambo jingine ni kukataa. Akija mtu mwenye mguu mmoja uliovimba, wa moto na unaouma shavuni, huenda damu imeganda mshipani, na wajibu wako ni kumpeleka hospitali bila kumgusa. Hotelini hasara ni ya hoteli, ila chumbani kwako ni mboga ya siku hiyo. Vivyo hivyo kwa mwanamume anayepiga simu usiku akiulizia "huduma kamili".

Makaratasi hayasumbui sana: namba ya mlipakodi kutoka TRA, ambayo hutolewa bure, na leseni kutoka halmashauri. Jihadhari tu na bango la "tunatibu kiharusi", kwani tiba asili na tiba mbadala zina sheria yake ya mwaka 2002 na baraza la kusajili watoa huduma.

Ushauri wetu ni kwamba usiache kazi bado. Soma mkataba wako uone unaruhusu nini, kisha omba likizo yako iangukie Aprili, uwahudumie wenyeji pekee, bila kumgusa mgeni wa hoteli, kwa bei utakayoisimamia hata kwa binamu yako. Ikiwa kumdai binamu kutakushinda, rudi kazini, na kabla wageni wa Juni hawajaanza kuingia, kaa na meneja umwombe asilimia kwa kila mgeni unayemhudumia.