Jibu: kwa nini kina cha barafu kinatoka karibu mara mbili ya kina halisi

Ndugu, unauliza kwa nini rada inakupa mita 5,400 kileleni Greenland wakati kisima cha GRIP, mradi wa Ulaya wa kutoboa barafu hapo, kiliishia mita 3,029. Umetumia kasi ya hewani, mita 300 kwa mikrosekunde (sehemu ya milioni ya sekunde). Ndani ya barafu wimbi la rada huenda mita 168 tu kwa mikrosekunde. Na kwa kuwa mwangwi huenda na kurudi, kila mikrosekunde ni mita 84, hivyo mikrosekunde 36 ulizopima ni mita 3,024. Ongeza kama mita 10, kwani theluji ya juu ambayo haijashikamana hupitisha wimbi haraka zaidi.

Ile mistari ya katikati kwenye picha ya rada iache, si mwamba wa chini ya barafu. Mingi ni matabaka ya barafu yenye asidi ya milipuko ya volkano ya kale. Ila alama kama bakuli lililopinduliwa mara nyingi ni ufa wa juujuu.