Jibu kwa dada mwenye mdogo wake Aarhus: mazoezi ya akili kwa miwani ya VR nimeyapitia

Dada, nimesoma ulichoandika jana. Mdogo wako anasoma Aarhus, hapa Denmark, ana sonona (ule ugonjwa wa huzuni nzito) tangu mwaka jana, dawa zimemtuliza, na sasa kliniki inataka avae miwani ya uhalisia pepe (VR) mara mbili kwa wiki afanye mazoezi ya akili. Wewe uko Morogoro unaogopa wanamfanyia majaribio, na mama anauliza kama dawa zimeshindwa. Nakujibu kwa kirefu kwa sababu miwani hiyo nimeivaa. Mimi mzaliwa wa Tanga, naishi Denmark mwaka wa kumi sasa, na ugonjwa huo nimeugua.

Kwanza mtoe mama hofu: dawa hazijashindwa. Kuna jambo ambalo wagonjwa wengi hatuelezwi mapema. Sonona haiishii kwenye huzuni. Inakula umakini, kumbukumbu, wepesi wa kufikiri na uwezo wa kupanga jambo hatua kwa hatua. Huzuni ikiondoka, hivyo vingine vinaweza kubaki vimelegea kwa muda mrefu. Mtu anacheka, anakula, analala vizuri, halafu kazi ndogo inamshinda, na wanaomzunguka wanaanza kumwita mvivu.

Mimi nafanya kazi kwenye nyumba ya wazee. Kulia kulikoma, usingizi ukarudi, nikarudi kazini. Zamu ya kugawa dawa nikawa nimeshika kikombe cha vidonge, nasoma jina la mzee mlangoni, naangalia karatasi, nikiinua macho jina limeshanitoka. Nasoma tena. Mara nne mlango mmoja. Nikaogopa nitakuja kumdhuru mtu, nikaomba mwenyewe niondolewe kwenye dawa. Msimamizi wangu wa wakati ule akaandika kwamba sina ari ya kazi. Iliniuma mno, maana ari ndiyo iliyokuwa imebaki. Nyumbani nako maharage yaliungua mara tatu ndani ya wiki moja, na sikuwa nimelala wala nimetoka. Nilisimama palepale jikoni, mwiko mkononi, mawazo yananizungusha mpaka mwanangu anakuja kufungua dirisha.

Nilipomweleza daktari habari ya maharage ndipo akanielekeza kwenye mazoezi.

Ukivaa ile miwani, chumba cha kliniki kinapotea. Unajikuta umesimama jikoni: friji kulia, makabati juu, jiko mbele yako. Ukigeuza kichwa, jiko nalo linageuka kama la kweli. Ukutani kuna orodha ya chakula, unapewa muda uisome, kisha inaondolewa. Unatafuta vitu, unavitoa, unapanga kipi kianze kupikwa ili vyote viive pamoja. Katikati simu inalia. Siku ya kwanza simu ilipolia nilisahau yote. Nilisimama na kitunguu cha hewani mkononi, machozi yakanitoka ndani ya miwani.

Mwanasaikolojia aliyenisimamia hakunipa alama. Alinivua miwani, akaniuliza, "Ulikuwa unashikaje ile orodha kichwani?" Sikuwa na jibu, nilikuwa naikariri tu kama mtoto wa chekechea. Akanifundisha kuigawa: vya friji, vya kabatini, vya mezani. Na kusema kwa sauti ninachofanya, "sasa natoa samaki, baada ya samaki ni mchele." Kisha akauliza swali ambalo nilikuja kuligundua ndilo tiba yenyewe: "Wiki hii hili utalitumia wapi?" Nikasema kwenye wali wa nazi na samaki wa kupaka, Jumamosi. Akaandika. Kikao kilichofuata alianza na Jumamosi yangu, kabla ya kugusa miwani.

Dada, hapo ndipo pa kushika. Mazoezi ya akili ya kwenye kompyuta yamefanyiwa utafiti miaka mingi kwa wenye sonona, na mara nyingi yanaonyesha umakini na kumbukumbu vinapanda kiasi. Shida ni kwamba mtu anaweza kuwa hodari wa kubonyeza vidude kwenye skrini, akifika nyumbani maharage yanaungua vilevile. Miwani imeletwa kwa ajili ya pengo hilo, kusogeza zoezi karibu na maisha. Hapahapa Denmark, timu ya Profesa Kamilla Miskowiak wa Copenhagen ilitengeneza kipimo kinachoitwa CAVIR, ambamo mgonjwa anapanga na kuandaa mlo kwenye jiko la uhalisia pepe ili ionekane akili yake inafanyaje kazi za kila siku. Matokeo yake yalichapishwa mwaka 2022. Kwa hiyo mdogo wako akikwambia leo amepika kwenye miwani, usidhani anachezewa.

Usichanganye tu na matumizi mengine ya miwani hizi. London mwaka 2016 watafiti walijaribu jambo tofauti kabisa kwa watu 15 wenye sonona: mgonjwa anamfariji mtoto anayelia ndani ya ulimwengu wa miwani, halafu anahamishiwa kwenye mwili wa yule mtoto, anasikia sauti yake mwenyewe ikimfariji. Dakika 8, mara tatu. Mwezi mmoja baadaye 9 kati yao walisema dalili zimepungua. Lile lilihusu kujihurumia, halikuwa la kumbukumbu, na watu walikuwa wachache bila kundi la kulinganisha, kwa hiyo huwezi kulitumia kuahidi chochote. Lakini nilipolisoma nililia, kwa sababu najua mtu mwenye sonona anavyojisema vibaya akiwa peke yake.

Kuhusu madhara: kizunguzungu kipo, na kichefuchefu. Kliniki walinikalisha kila baada ya muda mfupi. Mimi kwa pupa nikaazima miwani ya mpwa wangu, nikakaa nayo zaidi ya saa nzima nyumbani, nikatapika na kulala hadi kesho yake mchana. Mwambie mdogo wako asijiongezee mwenyewe muda wa miwani. Na dawa asiziache ghafla kwa kuona kichwa kinafunguka, azungumze na daktari. Akianza kuwaza kufa, mazoezi yasubiri, atafutiwe msaada siku hiyohiyo. Hapo usimwonee aibu, mpigie.

Kama unataka kujua kliniki yake iko makini, muulize kama kuna mtu anayekaa naye baada ya kuvua miwani na kuzungumzia wiki yake. Akisema anaachiwa kifaa na kutumwa nyumbani, hapo ningekuwa na wasiwasi kama wako. Yeye ni mwanafunzi, labda jiko si tatizo lake. Amwambie msimamizi kinachomshinda hasa, iwe ni kufuata mhadhara au kukumbuka tarehe za kukabidhi kazi, mbinu zipelekwe huko.

Mimi ilinichukua miezi minne kurudishiwa zamu ya dawa. Mpaka leo nasoma jina la mzee kwa sauti kabla ya kutoa kidonge, na wazee wamezoea, mmoja ananiitikia kama mwanafunzi akiitwa darasani.

Nawe una nafasi yako huko uliko. Dada yangu alikuwa ananipigia kutoka Tanga kila Jumamosi jioni, anaegesha simu karibu na sufuria yake, mimi karibu na yangu, tunapika chakula kimoja. Hakuniuliza kama nimepona. Aliuliza, "Umeshatia tui?" Nikikaa kimya sana anarudia. Mpigie mdogo wako hivyohivyo siku ya zoezi, mkubaliane mtapika nini, na orodha aitaje yeye.