Wafuasi elfu sita, michango hakuna: yaliyotukuta sisi Mbagala

Dada, umesema kituo chenu cha watoto Chanika kina wafuasi elfu sita Instagram lakini michango haifiki laki moja kwa mwezi, na unauliza kama mlipie matangazo. Msilipie kwanza. Huu ni mwaka wa nne najitolea kusimamia kurasa za kituo cha watoto huku Mbagala, na sisi tulilipia. Wafuasi waliongezeka, wakaandika "Mungu awabariki", ikaishia hapo.

Anza kwa kujichangia mwenyewe. Chukua simu, ingiza namba mliyoweka kwenye ukurasa, andika elfu mbili, halafu tazama jina linalotokea kabla hujaweka namba ya siri. Kwetu lilikuwa linatokea jina la mweka hazina wetu. Ni mama mwaminifu kabisa, ila mchangiaji hamjui. Akiona jina la mtu binafsi anakumbuka zile meseji za "ile hela tuma kwenye namba hii", anaghairi. Tulihangaika wiki kadhaa na cheti cha usajili na barua mpaka tukapata Lipa Namba yenye jina la kituo, na kwangu hiyo ndiyo kazi kubwa kuliko bango lolote tulilowahi kutengeneza.

Jambo lingine, wanaowafuata siyo wanaowachangia. Wachangiaji wetu hawafiki mia mbili na karibu wote tunao WhatsApp. Tulijaribu kundi, likageuka kamati ya harusi: kila jioni orodha ya nani katoa ngapi. Mwenye elfu hamsini anafurahi, mwenye elfu mbili anajitoa kimyakimya, na huyo wa elfu mbili ndiye aliyekuwa anatoa kila mwezi! Tukalifunga. Sasa tunatumia ile orodha ya WhatsApp ya kutuma kwa mpigo (broadcast), kila mtu anapokea kwake peke yake. Inabeba watu 256, na ujumbe haumfikii ambaye hajasevu namba yako. Kwa hiyo mtu akichanga mara ya kwanza tunampigia kumshukuru, na hapohapo tunamwomba asevu namba.

Cha kutuma ni majibu ya hela yao. Tuliwahi kuomba hela ya simtanki la lita 2,000. Lilipofungwa tulituma picha ya tangi, picha ya risiti, na sauti ya mama mlezi ya sekunde arobaini, unasikia kabisa maji yanavyoingia kwenye ndoo. Tukasema pia fundi bado anatudai. Hatukuomba chochote. Wiki ile watu walituma wenyewe, na fundi akalipwa. Video yetu ya dakika nne ilikuwa nzuri zaidi, lakini nani atakula bando lake kwa ajili yake?

Kwenye picha za watoto naomba unisikilize kwa makini. Binti yetu wa darasa la sita aligoma kwenda shule siku mbili kwa sababu wenzake waliiona picha yake akilia kwenye ukurasa wetu. Mimi ndiye niliyeiweka, na bado inaniuma. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, lakini hata isingekuwepo, mtoto hakukubali kuwa bango. Tulizifuta zote. Siku hizi tunapiga mikono, migongo, madaftari, sufuria la uji. Wanaopenda picha walipungua, michango haikupungua.

Siku za kuomba unazijua: kuanzia tarehe 25 mshahara ukiingia, na Ramadhani. Januari waacheni watu na ada za watoto wao.

Hiyo elfu mbili ijaribu leo, kisha rudi hapa utuambie limetokea jina la nani. Kama ni la mtu, nitakueleza hatua kwa hatua tulivyobadilisha sisi.