Butili akrilati isifungiwe naitrojeni

Ndugu wa Namanve, Uganda, umeuliza kama ujaze naitrojeni juu ya butili akrilati, kimiminika cha kutengenezea rangi, ili isishike moto: tafadhali usifanye hivyo. Monoma hiyo, yaani kemikali ambayo molekuli zake huungana kuwa minyororo mirefu kama ya plastiki, hutiwa kizuizi (kemikali ya kuzuia muungano huo) kidogo mno, kwa kawaida sehemu 10 hadi 20 katika milioni, ambacho hufanya kazi palipo na oksijeni tu. Ukiiondoa hewa kwa kujaza naitrojeni, molekuli huweza kuanza kuungana zenyewe, joto likapanda, na pipa likapasuka. Liweke kivulini, chini ya nyuzi 35 za Selsiasi, mbali na ukuta wa mabati unaopigwa na jua la mchana. Glavu nyembamba za hospitali hupenyeka upesi. Nimeona vidole vya kijana wa stoo vikibabuka. Pipa likivimba, ondokeni wote, muwaite zimamoto.