Taa ya kijani, wateja wanalalamika: jitengenezee sensa yako

Wiki iliyopita dada mmoja, fundi mtandao wa Manyoni, aliniandikia kuhusu PRTG, programu inayochunga vifaa vya mtandao kwa vipimo vidogo viitwavyo sensa: "Kaka, habari za kazi. PRTG yangu yote kijani, lakini nikifika ofisini asubuhi wateja wameshanitukana. Nifanyeje?" Nilicheka, na si kwa kumdharau. Swali hilo lilininyima usingizi kiangazi kizima, na jibu lake, baada ya kulipata kwa jasho langu, likaliwa na mtu mwingine. Nitafika huko.

Kijani unayoiona, dada yangu, mara nyingi ni ya pingi tu. Seva inauliza "upo?", kifaa kinajibu "nipo", wanaagana. Ruta inayochemka itajibu nipo. Ruta iliyobakiza nusu saa ya betri nayo itajibu nipo, tena haraka.

Ninahudumia mtandao wa redio unaotoka Dodoma mjini kwenda upande wa Bahi. Kuna mnara wetu mmoja kilimani, umeme wa gridi haujafika: paneli za sola, kidhibiti chaji, betri mbili za volti 12 zilizofungwa kuwa 24, ruta moja ya MikroTik na redio mbili. Ikifika saa kumi alfajiri, mnara unazima. Jua likipanda unafufuka wenyewe, na ukiwasha kompyuta ofisini saa mbili unakuta kila kitu kijani kama hakuna kilichotokea. Wateja wanasema uongo? Hawasemi uongo.

Bosi akaleta mtaalamu kutoka Dar. Alikuja na SGR, akanywa chai, akaangalia dashibodi yangu, mnarani hakufika. Akaandika kwamba redio zote mbili ni mbovu, zinunuliwe mpya. Mimi nilisema tupime umeme kwanza. Nikaambiwa nimwachie mtaalamu.

Sasa sikiliza. Modeli nyingi za MikroTik hupima zenyewe volti zinazoingia, na zitakutajia ukiziuliza kwa SNMP, lugha ambayo seva hutumia kuuliza vifaa vya mtandao hali yake. Shida ni kwamba seva yako haiulizi. Sensa za kawaida unazopewa zinauliza mambo ya kila mahali: trafiki, prosesa, memori. Mnara wa sola ulioko kwenye vumbi la Bahi, swali lake la kwanza ni betri. Hilo uliongeze wewe.

Kila kipimo ndani ya kifaa kina anwani yake ya namba, OID. Ya volti kwenye MikroTik ni 1.3.6.1.4.1.14988.1.1.3.8.0, na ya joto inaishia 3.10.0 badala ya 3.8.0. Hiyo 14988 ni namba waliyosajiliwa MikroTik, kila mtengenezaji ana yake. Kabla hujagusa PRTG, ulizia kwanza kwa amri ya snmpwalk kutoka kwenye seva yenyewe. Kama haijibu hapo, usipoteze muda kutengeneza sensa: SNMP haijawashwa kwenye kifaa, au mlango wa UDP 161 umezibwa njiani. Ikijibu, ongeza sensa ya SNMP Custom, bandika OID, aina ya thamani chagua ya moja kwa moja na si ya tofauti, kipimo andika V, na kwenye kugawanya weka 10. Hiyo 10 usiisahau. Kifaa kinatuma 243 kikimaanisha 24.3. Kuna jamaa alinipigia usiku wa manane, ana hofu kweli, mnara wake una volti 243.

Mengine ni kubonyeza tu, yanajieleza.

Niliiweka sensa hiyo kwenye mnara wetu. Nilipofungua grafu yake kesho yake, mchana mstari ulikuwa umepanda hadi karibu 28, vizuri kabisa. Jua lilipozama ukaanza kushuka, nao ulitakiwa ushuke polepole. Badala yake ulishuka kwa meno, kama msumeno: unadondoka, unakaa hapo dakika kadhaa, unapanda kidogo, unadondoka tena, hivyo hivyo usiku kucha hadi kidhibiti kilipokata ili kuokoa betri. Redio hazili umeme namna hiyo. Kinachowaka na kuzima hivyo ni kompresa ya friji.

Nikachukua pikipiki. Nyuma ya kibanda cha mlinzi nikakuta inveta ndogo, waya wa kijivu umepitishwa chini ya bati na kufunikwa kwa matofali mawili, na friji ya soda imejaa. Nikanunua moja. Ilikuwa ya baridi safi, na jua la Bahi mnalijua, nikaimaliza ndipo nikauliza.

"Mzee, shikamoo. Hii friji inakula wapi?"

"Marahaba. Mwanangu, jua ni la Mungu."

Friji ikaondoka, mnara ukaacha kuzima. Redio ni zile zile hadi leo. Na grafu yangu, yenye meno yake yote, ikatokea kwenye ripoti ya mtaalamu, ukurasa wa tatu, chini ya kichwa "Uchunguzi wetu". Kikaoni bosi alimpongeza yeye, kisha akanigeukia mimi na kusema "na kijana wetu wa kompyuta naye alisaidia". Kijana wa kompyuta! Nimeshayamaliza hayo. Ila tangu siku hiyo kila grafu ninayotengeneza ina jina langu kwenye kichwa cha sensa, na wewe fanya hivyo hivyo.

Na ndugu zangu, mafundi wa mikoani, tuache kuogopa namba ndefu. Mnataka kuheshimiwa, mnataka kandarasi kubwa zinazopelekwa Mtumba, kwenye mji wa serikali, halafu mnasubiri sensa iliyotengenezwa tayari? Kiulize kifaa chako. Kina mengi ya kusema na hakuna anayekiuliza.

Mipaka ya onyo: kwa betri zangu za asidi nimeweka onyo kwenye 24.0 na hatari kwenye 23.2. Usinakili tu. Nenda na mita, pima kwenye betri, linganisha na anachosema MikroTik, kwa sababu waya mrefu wa kupanda mnara unakula volti njiani. Pima usiku, mchana sola itakudanganya.

Trafiki nayo ina mtego wake. Kaunta ya zamani ya kuhesabu baiti zinazoingia, ifInOctets, ni ya biti 32. Ikifika 4,294,967,295 inarudi sifuri. Laini ya gigabiti moja iliyojaa inaimaliza kwa kama sekunde 34, na seva yako inauliza kila sekunde 60, kwa hiyo grafu inakuwa hadithi tu. Tumia ifHCInOctets ya biti 64, na kwa hiyo utahitaji SNMP toleo la 2c au la 3, la kwanza haliijui.

Halafu lile neno la siri la SNMP, "public", lililokuja na kifaa, libadilishe leo. Toleo la 2c linapitisha neno hilo wazi wazi kwenye waya, kwa hiyo ruhusu kusoma tu, na kwa anwani ya seva yako peke yake. Kama kifaa kinaweza toleo la 3, hamia huko.

Wanaoniuliza gharama: toleo la bure la PRTG lina ukomo wa sensa 100, na kila kipimo unachoongeza kinakula nafasi. Ukizidi, Zabbix, programu nyingine ya kazi hiyo hiyo, ni bure na OID ni zile zile.

Dada wa Manyoni, wewe umesema una UPS ofisini yenye kadi ya mtandao. Anza na 1.3.6.1.2.1.33.1.2.2.0, sekunde ambazo UPS imekuwa ikitumia betri. Ikizidi sifuri, umeme umekatika hata kama uko nyumbani umelala. Ile inayoishia 1.2.3.0 ni dakika zilizobaki, na 1.2.4.0 ni asilimia ya chaji, hizo hazigawanywi. Ikijibu kwamba haina kitu kama hicho, basi mtengenezaji anatumia tawi lake mwenyewe. Nitumie modeli, tutafute faili lake la MIB, lile lenye orodha ya OID zake.