Mtoto aliye katika malezi ya kambo akifanya kosa nyumbani, je, apelekwe polisi?

SWALI: Mimi na mume wangu tunaishi Mbagala, Dar es Salaam. Tangu mwaka jana tunalea kwa malezi ya kambo mtoto wa kiume wa miaka 14 tuliyekabidhiwa na Ustawi wa Jamii. Ni mtoto mwelewa, lakini mwezi huu alichukua simu ya mume wangu akaiuza, na tulipomuuliza alikasirika, akavunja dirisha la jirani kwa jiwe, kisha akalala nje siku mbili. Mume wangu anataka tumpeleke kituoni akatishwe kidogo halafu tumrudishe. Jirani naye anasema atafungua kesi. Je, kuna njia gani ya kumrekebisha bila kumwingiza katika kesi ya jinai? Na jirani akitutangulia polisi, tufanye nini?

JIBU: Mama, umefanya vyema kuuliza kabla hamjakwenda kituoni. Nianze na wazo la mzee wako, kwa kuwa lina hatari kubwa kuliko anavyodhani. Kituo cha polisi si mahali pa kumwazima mtoto kitisho na kumchukua jioni. Taarifa ya wizi ikishaandikwa na jalada likafunguliwa, shauri si lenu tena. Litafuata njia ya upelelezi na ya mwendesha mashtaka, na huruma mtakayokuwa nayo wiki ijayo haitatosha kulifunga. Mtoto naye atakuwa amejifunza jambo moja tu, kwamba nyumba ya tatu au ya nne aliyopelekwa nayo imemkabidhi kwa watu wengine.

Fikirini kama simu hiyo ingeuzwa na mtoto mliyemzaa. Pangekuwa na makelele, angeitwa baba mkubwa au mjomba, mtoto angeadhibiwa kwa kunyimwa anachokipenda na kwa kufanya kazi ya kufidia, na mambo yangeishia sebuleni. Kosa lile lile likifanywa na mtoto aliyekuja kwa barua ya Ustawi wa Jamii, mara nyingi linageuka jalada. Kwa maoni yangu, mlango huu ndio unaowaingiza watoto wengi wa malezi katika mfumo wa haki jinai, kuliko ubaya wowote wa tabia walionao. Utafiti uliofanyika Los Angeles, Marekani, na kuchapishwa mwaka 2008 ulionyesha kwamba vijana waliowahi kuwekwa katika nyumba za malezi ya pamoja walikuwa katika hatari ya takribani mara mbili na nusu ya kuingia katika mfumo huo, wakilinganishwa na wenzao waliolelewa katika familia za malezi ya kambo. Uingereza nayo ilitoa mwongozo wa kitaifa mwaka 2018, wenye shabaha ya kupunguza kuwafanya watoto walio chini ya malezi ya serikali kuwa wahalifu pasipo lazima.

Sheria yetu inawaunga mkono. Kifungu cha 16 cha Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 kinaeleza nani ni mtoto anayehitaji matunzo na ulinzi, na humo ametajwa mtoto anayezurura bila makazi. Kwa hiyo zile siku mbili alizolala nje zisomeke kama dalili ya mtoto anayehitaji ulinzi, na zisigeuzwe kuwa shitaka la uzururaji. Tena Mahakama ya Watoto iliyoundwa na Sheria hiyo inasikiliza mashauri ya aina zote mbili, ya jinai dhidi ya mtoto na ya matunzo na ulinzi wake. Hakimu anayeletewa mtoto wako kama mshtakiwa anayo pia mamlaka ya kumtazama kama mtoto wa kulindwa, ilimradi awepo mtu wa kumweleza historia yake.

Hatua ya kwanza, basi, ni kumpigia afisa ustawi wa jamii aliyewakabidhi mtoto, na kumweleza yote matatu: simu, dirisha na kulala nje. Msifiche lolote kwa kuogopa kwamba atamwondoa. Mwombeni aitishe kikao cha kupitia upya mpango wa malezi, mtoto mwenyewe akiwepo na akipewa nafasi ya kusema, na maamuzi yaandikwe. Katika maandishi hayo iwekwe wazi nani apigiwe simu kwanza mtoto akifanya kosa tena au akitoweka usiku, ni makosa ya namna gani mtayamaliza nyumbani, na ni yapi yatawalazimu kwenda polisi. Familia ambayo haijakubaliana juu ya hayo mapema huamua kwa hasira. Kwa simu, mtoto afidie kwa kazi na kwa kiasi anachokimudu, kwa muda uliopangwa na wenye mwisho. Mkishindwa kumpata afisa wenu, namba 116 ya Huduma ya Simu kwa Mtoto itawaelekeza.

Mna bahati ya mahali pia. Temeke, wilaya yenu, ndiko ilikoanzia, mwaka 2012, programu ya marekebisho ya tabia katika jamii kwa watoto waliokinzana na sheria au walio katika hatari ya kufika huko. Baadaye ilifika Mbeya. Mtoto hubaki nyumbani na kuendelea na shule, huku akipata ushauri nasaha na stadi za maisha, na walezi nao wakishirikishwa. Mwulize afisa wenu kama nafasi ipo sasa. Kwa mtoto wa umri huu ningeipendelea njia hii kuliko adhabu yoyote ya mahakama.

Kuhusu jirani, nendeni kwake leo, baba akiwa mbele, kabla hasira haijapanda. Ombeni radhi, lipeni kioo, na mtoto ashiriki kukirekebisha ikiwezekana. Mwenyekiti wa serikali ya mtaa awe shahidi na makubaliano yaandikwe na kusainiwa.

Iwapo jirani ametangulia na mtoto ameshachukuliwa, kuna mambo matatu ambayo hayasubiri kesho. La kwanza ni umri. Watoto wengi wa malezi ya kambo hawana cheti cha kuzaliwa, na anayeonekana mrefu huandikwa miaka 18, akawekwa pamoja na watu wazima, jambo ambalo Sheria inalikataza. Bebeni cheti, na kama hamna, kadi ya kliniki, barua ya shule au hati ya kukabidhiwa mtoto. Kisha anzeni kushughulikia cheti RITA, wakala wa serikali unaosajili vizazi, hata kama kesi itaisha. La pili ni dhamana. Mtoto asiyeweza kufikishwa mahakamani mara moja anatakiwa kuachiwa na polisi kwa ahadi ya mzazi, mlezi au ndugu, isipokuwa katika mazingira machache, kama shitaka la mauaji au la kosa lenye kifungo cha zaidi ya miaka saba. Hapa ndipo mtoto wa malezi anapoachwa nyuma: wenzake hutoka kwa sahihi ya mama, yeye hubaki kwa kuwa mlezi amesusa na afisa ustawi hajaambiwa. Nendeni mkasaini, hata kama bado mmekasirika. La tatu, mwombeni ofisa wa Dawati la Jinsia na Watoto la polisi amwite afisa ustawi wa jamii kabla mtoto hajaandika maelezo, na mwombe wakili kupitia utaratibu wa Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017.

Mahakamani, kazi kubwa ni taarifa ya uchunguzi wa kijamii inayoandaliwa na afisa ustawi. Hakikisheni inaeleza amehamishwa mara ngapi, amefiwa na nani, na nyumbani kwenu amebadilika wapi. Mtoto hawezi kuhukumiwa kifungo cha gerezani, kwa mujibu wa kifungu cha 119, lakini anaweza kupelekwa Shule ya Maadilisho, yaani shule ya bweni ya kuwarekebisha watoto waliotiwa hatiani, kama ile ya Irambo mkoani Mbeya, mbali na kila anayemjua. Taarifa nzuri humpa hakimu sababu ya kuchagua uangalizi katika jamii.

Haya yote hayamaanishi kuwa kila kosa lifichwe. Akimjeruhi mtu vibaya, au akimfanyia mtoto mwenzake ukatili wa kingono, taarifa lazima itolewe, kwa sababu na huyo aliyeumizwa ana haki ya kulindwa. Hata hapo mpigieni afisa ustawi sambamba na polisi.

Na kama mzee wako amefika mahali hawezi tena, alisemee hilo kwa afisa ustawi waziwazi. Kukiri kuchoka si kosa, na upo utaratibu wa kumhamishia mtoto kwa familia nyingine kwa maandalizi, akiagwa vizuri na vitu vyake vyote vikiwa naye.